Zege la Wageni

Nyanjura mwanangu,

Salamu siandiki, maana tumekunywa chai pamoja leo asubuhi na kesho nitakuamsha kwa mkono wangu mwenyewe uwahi basi. Sasa hivi ni saa kumi jioni. Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na najua kuaga kwenu ni nyimbo sita na soda, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Barua hii nitaichomeka kwenye bahasha ya vyeti vyako, mahali ambapo hutapagusa mpaka ufike Dodoma uulizwe vyeti. Ukiikuta usinipigie simu papo hapo. Isome yote kwanza.

Mambo ya kula, kufunga mlango na kuchagua marafiki nimeyaruka. Una miaka ishirini na minne, na kama hujayajua mpaka leo basi mwalimu wako alikuwa mbaya na barua haitamsaidia.

Naanza na Jumamosi. Nilikuja saluni kwa mama yako mdogo Roza, pale Mkuyuni, nikakukuta umekaa kwenye kiti, kichwa kimesukwa nusu, unacheka na wateja. Nikakushika mkono nikakutoa nje kama mtoto aliyeiba sukari. Ulitembea barabarani nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, watu wanatuangalia. Ulisema, "Mama, umechanganyikiwa?" Sikukujibu. Msusi alikuja kumalizia hapa nyumbani Butimba, na hukunisemesha mpaka Jumapili baada ya ibada, tena ulinisemesha kwa sababu ulitaka funguo.

Jibu lako ni hili. Jengo lile ni bovu, na mimi ndiye niliyeandaa karatasi zote zinazosema ni zima.

Kazi yangu uliijua kwa nje tu: kofia ngumu ya njano, buti za matope, mafaili mpaka chini ya kitanda. Kwa ndani ilikuwa hivi. Jengo la biashara haliruhusiwi kuota tu kama uyoga. Kabla zege halijamwagwa, mkaguzi aje aone kama nondo zimefungwa sawasawa. Siku ya kumwaga, watu wa maabara waje wachukue sampuli: wanajaza zege kwenye maboksi sita ya chuma, likishaganda wanalitoa na kulizamisha kwenye maji, kisha vipande vitatu vinavunjwa kwa mashine siku ya saba na vitatu siku ya ishirini na nane, ionekane vimehimili uzito gani kabla ya kupasuka. Baadaye wanakuja wa umeme, wa maji, wa zimamoto. Kila mmoja ana ofisi yake, gari lake na visingizio vyake. Mimi ndiye niliyekuwa nawapanga wote. Nampigia huyu, nambembeleza yule, namkumbusha wa tatu, kisha nawaambia watu wa saiti siku na saa ili pawe tayari. Waliniita Mama Vipimo, na nililipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Fahari yangu ilikuwa moja: hakuna mkaguzi aliyewahi kufika saiti yangu akakuta watu hawajajiandaa. Nilikuwa naiandika sentensi hiyo kwenye barua za kuomba kazi. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba nilikuwa naandika kosa langu kwa mwandiko mzuri na kuomba nilipwe kwa ajili yake.

Fundi mkuu wa jengo la Mkuyuni alikuwa Masanja, Msukuma wa Magu, mdogo wangu kwa miaka michache. Mtu mwenye adabu kupita kiasi. Hata awe juu ya jukwaa la ghorofa ya pili, akiniona nimefika atashuka mpaka chini ndipo aseme, "Shikamoo mama." Sisi watu wa kando ya ziwa tunapenda kupewa heshima, na mimi niliipokea yote bila kuuliza inatoka wapi.

Kabla ya kumwaga nguzo za chini, Masanja aliniuliza mbele ya vibarua, "Mama, wageni wa maabara kesho wanafika saa ngapi? Tuwaandalie zege la wageni."

Wewe unajua mjini zege ni nini. Ulipoanza sekondari ulikuwa unaniambia, mama leo nimekula zege, nami nikajifunza kwamba ni chipsi mayai. Basi nikaelewa hivyo hivyo. Nikaona jinsi vijana hawa walivyo na utu, wageni bado hawajatoka hata ofisini kwao na tayari wanafikiriwa chakula. Nikamjibu, "Saa nne. Liandaeni mapema, na liwe zuri. Hawa watu wanatoka mbali, wasije wakatusema."

"Halitakuwa na neno, mama."

Vibarua wakacheka. Nami nikacheka, sijui nilikuwa nacheka nini.

Kesho yake wageni walikuja, wakajaza maboksi yao, na mchana wakaletewa chipsi mayai na soda kutoka kibanda cha jirani. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kushtuka. Gari lao lilipokuwa linaingia getini, Masanja alisema kwa sauti, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na watu wote wakaitikia kwa kicheko. Tukaendelea hivyo kila tulipomwaga zege. Mara nyingine hata sikusubiri niulizwe. Napita, namwambia, "Masanja, kesho saa tatu, zege la wageni msisahau." Niliagiza kwa mdomo wangu, Nyanjura. Mara nyingi sana.

Majibu ya maabara yalikuwa mazuri ajabu. Nilikuwa nayafungua nikiwa nimesimama, sina hata hofu ya kukaa. Injinia wa mradi alinisifu kwenye kikao. Nilikuja nyumbani na sato wawili wakubwa siku hiyo, pengine unakumbuka, maana marehemu baba yako aliuliza nani ameolewa.

Tulipofika nguzo za ghorofa ya tatu, gari la ofisi lilikuwa safari nyingine na mimi nikadandia pikipiki, nikafika saiti saa moja mapema. Nikazunguka nyuma kutafuta kivuli. Nikawakuta vijana wawili wanachanganya zege kwa koleo juu ya bati, rundo dogo, mbali na mashine. Mfuko mzima wa saruji ulikuwa umemwagwa kwenye kokoto kidogo tu. Kokoto zilikuwa zimeoshwa, na maji walikuwa wanayapima kwa kikombe. Upande wa mashine, kijana wa mpira wa maji alikuwa anamwaga bila kuangalia, maana zege jepesi halichoshi kulibeba kwa ndoo mpaka juu, linamiminika lenyewe. Likikauka linabaki limejaa matundu usiyoyaona kwa macho.

Nikauliza, "Hili rundo la nini?"

Kijana akanijibu kwa heshima zote, bila kuficha kitu, "Ndilo la wageni, mama. Lile kule ni la nyumbani."

Nilielewa mara moja. Hawakuwa wanadanganya kwa fikra zao. Walikuwa wanafanya anachofanya kila mtu nyumbani kwake. Mgeni akija unatoa sahani za kabatini, unamchinjia kuku, wenyewe mnabaki na dagaa. Tofauti ni kwamba kuku wetu alikuwa anakwenda maabara kuvunjwa na kutupwa, na dagaa ndio waliobeba ghorofa nne.

Hadithi ya chipsi mayai nimewahi kuisimulia kwa watu wawili watatu kama kichekesho, nikiibadilisha kidogo isijulikane ni jengo gani. Ni kichekesho kizuri, wanacheka mpaka machozi. Kosa la neno mtu anasamehewa. Lakini hakuna niliyemsimulia kilichofuata baada ya pale kwenye bati, kwa sababu hakichekeshi, na kwa sababu hakikuwa kosa la neno.

Kilichofuata ni kwamba wageni walifika saa nne, wakajaza maboksi yao kutoka kwenye lile rundo, na mimi nikasaini. Fomu ilikuwa na mstari unaosema sampuli zimechukuliwa mbele yangu. Zilichukuliwa mbele yangu kweli. Nilikuwa na kalamu nzuri siku hiyo, haikukwama hata mara moja.

Utaniuliza kwa nini, nami nimejiuliza kabla yako. Kusimamisha kazi pale kulikuwa na maana ya kurudi chini, kutoboa nguzo zote za nyuma, pengine kubomoa. Kulikuwa na maana ya kusimama mbele ya injinia aliyenisifu nikamwambia kwamba vipimo vyote nilivyoviratibu kwa miezi ni upuuzi, na kwamba mwenye kuagiza upuuzi huo ni mimi. Niliogopa kuchekwa. Ningependa kukwambia niliogopa kitu kikubwa zaidi, lakini nikichimba chini kabisa nakuta hicho tu, aibu ya mtu mzima aliyedhani zege ni chipsi. Nikajiambia nisubiri kwanza majibu ya siku ya ishirini na nane, huku nikijua kabisa majibu hayo yatakuwa ya zege lipi. Majibu yakaja mazuri. Jengo likakamilika, wapangaji wakaingia, na Roza akaniomba nimwombee chumba cha chini kwa sababu najuana na mwenye jengo.

Nikamwombea. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ungenikuta siku hiyo ungeniona nimeketi pale nje nakunywa soda ya ufunguzi.

Mwaka juzi Roza aliniita nimwangalie "mstari" kwenye boriti iliyo juu ya kioo chake kikubwa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umetoka kwenye kona ya nguzo ya nyuma ukapanda juu. Nikachukua kipande kidogo cha kioo, nikakibandika kwa plasta kikiuvuka ule mstari. Ni njia ya kizamani lakini haina uongo: ufa ukitulia, kioo kinabaki kizima; ukitembea, kinapasuka. Roza aliona kinachafua saluni akakifunika kwa bango la mitindo ya nywele. Miezi saba baadaye niliinua bango nikakuta kimepasuka katikati.

Nikaenda Magu kumtafuta Masanja. Ameacha ufundi, analima mpunga, goti moja limeisha. Alinitolea kiti chenye mto, "Kalibu mama, kalibu sana," akamtuma mkewe akakamate kuku. Nikamwambia sikuja kula. Nikamweleza kuhusu ufa.

Alisugua lile goti lake, halafu akasema, "Lakini mama, si ulikuwa unajua?"

"Mwanzo sikujua, Masanja. Nilidhani chakula."

Akanitazama kama anayeonea huruma mgonjwa. "Mama, ulikuwa unatwambia liwe zuri. Ulikuwa unatwambia mpaka saa. Vijana walikuwa wanasema, huyu mama anaijua kazi, anatulinda. Sisi tulikuwa tunakuheshimu."

Nilikwenda Magu nikitafuta mtu wa kumlaumu, nikarudi na kuku aliyefungwa miguu. Wewe nilikwambia nimemnunua njiani.

Kuanzia hapo nilijaribu kusema. Nakueleza ili usidhani mama yako alikaa tu. Nilikwenda kwa mwenye jengo, mzee mmoja mstaarabu aliyeanzia kwenye biashara ya ng'ombe. Nikamwambia nguzo nne za nyuma zitobolewe zipimwe upya. Hakunifokea. Aliagiza chai, akafungua kabati, akatoa faili la jengo, akaanza kunifunulia karatasi moja moja, kila moja ina saini yangu. Akaniuliza kwa upole, "Mama, nimwamini nani? Wewe wa leo, au wewe wa siku zile?" Nikasema, wa leo. Akasema, "Wa leo hana karatasi." Kisha akaniambia kwamba nguzo ikitobolewa asubuhi, mpaka jioni wapangaji wote wamehama, na yeye ana watoto wa marehemu kaka yake anaowasomesha. Nilikunywa chai nikaondoka.

Nikaazima nyundo ya kupimia ugumu wa zege kwa rafiki wa zamani wa maabara. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, nikazipima zile nguzo. Namba zilizotoka sitaki kuziandika. Nikazipeleka ofisini kwa wakaguzi wa majengo. Nikapokewa na kijana mwenye tai, shikamoo mama, karibu kiti. Akanieleza nisichohitaji kuelezwa, kwamba nyundo ile inagusa ngozi tu ya zege na haiwezi kupingana na majibu ya maabara. Akaenda masijala, akarudi na faili anatabasamu. "Mama, hili faili ndilo tunalowaonyesha wanaoanza kazi. Hatujapata lingine lililopangwa vizuri namna hii." Aliahidi kwamba watakwenda kukagua, na akaniomba nimsaidie kumjulisha mwenye jengo mapema ili pawe tayari.

Nilicheka pale ofisini, Nyanjura, peke yangu, mpaka kijana akanipa maji. Walikwenda kukagua. Roza alipaka rangi siku moja kabla.

Ukiniuliza nani mwovu hapo, sina jina la kukupa. Kila mtu alinikaribisha kiti.

Sasa wewe unakwenda kufanya kazi ile ile. Mratibu msaidizi wa vipimo na ukaguzi, majengo mawili ya biashara. Uliporudi kwenye usaili ulikuwa unarukaruka hapa sebuleni, ukaniambia yule bwana mkubwa alipolisoma jina lako la ukoo alikuuliza kama wewe ni wa Mama Vipimo wa Mwanza, ukakubali, akacheka akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, karibu kazini. Uliniletea maneno hayo kama zawadi. Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba ili usisikie ninavyopumua.

Kama ningekuwa mama wa aina nyingine ningekwambia hapa uwe mwaminifu, umtangulize Mungu, na yote yatakuwa sawa. Siwezi. Nakwambia ninachokijua tu. Ukienda saiti bila kutoa taarifa, utaona zege la nyumbani, na hilo ndilo peke yake linalostahili kupimwa. Lakini ukifanya hivyo mara tatu watakuita mkorofi. Mara ya nne watasema huna ushirikiano, na mara ya tano utapelekwa stoo kuhesabu misumari, halafu kwenye kiti chako atakaa mtu anayepiga simu mapema. Nimeona ikitokea kwa dada mmoja aliyekuwa hodari kuliko mimi. Mimi ndiye niliyepewa kiti chake. Kwa hiyo sijui nikushauri nini. Nenda bila taarifa mara zile tatu, basi. Pengine zitaangukia kwenye nguzo za chini.

Na neno usilolijua, uliza. Hasa pale watu wote wanapocheka nawe ukajikuta unacheka.

Jumatano hii nilikwenda kwa Roza kumwonya mara ya mwisho. Kipande cha pili cha kioo, nilichobandika mwezi wa nne, nacho kimepasuka, tena safari hii hakikumaliza hata miezi mitatu. Nikafunga mlango, nikamweleza yote, pamoja na Masanja, pamoja na saini. Nilidhani atanipiga. Aliendelea kukunja taulo.

"Dada, mwaka wa pili huu unaniambia litaanguka."

"Litaanguka, Roza."

"Haya, nihamie wapi?"

"Popote. Mirongo, Nyegezi, hata hapo ng'ambo ya barabara."

"Nitajie jengo," akasema. "Wewe umezunguka na vipimo mji huu miaka kumi na tisa. Nitajie jengo moja tu ambalo wewe, dada yangu, unajua lilipimwa zege lake lenyewe. Nahamia kesho."

Nikafungua mdomo. Nikaanza kuyapitia kichwani, mtaa kwa mtaa, maduka, hoteli, ghala, yale niliyoyaratibu na yale niliyosikia yakiratibiwa. Kila moja nilikuwa namkumbuka fundi wake, na saa niliyomwambia wageni watafika. Roza alimaliza taulo zote akaanza kuzipanga kwenye rafu. Sikumtajia hata moja.

"Basi niache nifanye kazi," akasema. Halikuwa neno la hasira. Kisha akaniambia kwamba mwenye jengo amempa na chumba cha pili, ataongeza viti vitano.

Wasichana wanaosuka pale ni wanane, Nyanjura. Jumamosi wateja hawapungui ishirini. Juu yao kuna ofisi za watu wa bima, juu zaidi chuo kidogo cha kompyuta chenye watoto wa umri wako. Nimewaambia wengi. Wengine wanadhani nimetumwa na mwenye jengo la jirani. Wengine wananionea huruma, wanasema ni upweke wa ujane. Hakuna aliyehama.

Kwa hiyo nimeamua, na ndiyo sababu ya barua hii. Jumatatu naanza kazi kwa Roza. Nimemwambia nimechoka kukaa nyumbani na naomba anipe kazi ya kuosha vichwa. Amefurahi, anadhani tumepatana. Nitakaa pale tangu anapofungua mpaka anapofunga, nimeelekea nguzo ya nyuma. Zege haliangukii watu kimya kimya, kabla ya siku yake huwa linasema: linatoa mlio mkavu, vumbi kidogo linadondoka, milango inaanza kugoma kufunga. Pale ndani hakuna anayeijua lugha hiyo isipokuwa mimi. Nikiusikia mlio ule nitapiga kelele watoke, na wa juu nitawapandia ngazi. Magoti yangu unayajua, sidhani kama nitafika juu. Kusema kweli sidhani kama nitawahi hata wa chini. Lakini nje siwezi kukaa tena.

Siendi kufa. Naenda kusikiliza. Ukitaka kunibishia, bishana na sentensi hiyo peke yake, nyingine nimeshazibishia mwenyewe.

Wiki nzima hii umekuwa unanung'unika kwamba nakufungashia haraka haraka, kwamba wazazi wa wenzako wanalia na mimi nahesabu shuka. Uliniuliza jana kama nimechoka kukaa na wewe. Nilikwambia usiwe na deko. Ukweli ni kwamba mpango huu ninao tangu kipande cha kwanza kilipopasuka, na kila nilipotaka kuuanza nilikuwa nakumbuka kwamba jioni kuna mtu hapa Butimba anayenisubiri kula. Nilikuwa nasubiri uondoke, mwanangu.

Mama yako,
aliyesaini.